Kiarabu cha Kumjibu Hanan

Itigi, 6 Januari

Mkwe wangu Hisham amepiga simu kutoka Kairo kututakia heri ya mwaka mpya, siku sita baada ya mwaka kuanza. Alizungumza Kiingereza chake cha mbio, mimi nikamjibu kwa Kiingereza changu cha chuo cha ualimu, na mwishoni ndipo akaitoa habari yenyewe. Mwezi wa nne anahamia Kuwait. Amepata kazi kwenye duka kubwa la dawa. Hanan atabaki Kairo kwa bibi yake mwingine, Samiha.

"Samiha anajua Kiingereza?" nikamuuliza.

"Asante na kwaheri tu, Mama."

Hanan ana miaka sita. Mama yake, Marietha, alikuwa kitinda mimba wangu. Alikwenda Kairo kusomea ufamasia, akaolewa huko, na mwezi wa nane mwaka jana uvimbe kichwani ukamuua huko huko. Tulimleta nyumbani, yuko hapa nyuma ya nyumba. Kila Jumapili Hanan anapiga simu ya video, anasema maneno yake, baba yake akiwepo anatafsiri. Asipokuwepo mimi natabasamu na kusema "naam, naam," neno pekee la Kiarabu ninalolijua. Hisham akiondoka tutabaki na tabasamu tu, kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Nimeamua kujifunza Kiarabu. Nimemwambia mume wangu, Festo. Ameniuliza kama kuku wameshapata maji.

9 Januari

Nimekwenda kwa Swalehe Ntandu, mwenye duka la misumari na mabati karibu na stesheni, ambaye pia ni ustadhi wa madrasa. Nilimfundisha darasa la tatu. Aliponiona alisimama kama vile nimekuja na fimbo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nataka unifundishe Kiarabu."

Akachungulia nyuma yangu kuona nimekuja na nani. "Mwalimu, unataka kusilimu?"

"Nataka kuongea na mjukuu wangu, Swalehe."

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne asubuhi, nyuma ya duka.

13 Januari

Kuna herufi inaitwa ain. Inatoka pale unapojaribu kuutoa mwiba wa samaki. "Hapana, mwalimu, chini zaidi," anasema Swalehe. Chini zaidi ni tumboni! Nimeifanyia mazoezi jikoni, Festo akaja anakimbia na kikombe cha maji, akanipiga mgongoni.

15 Januari

Kaf mbili. Moja ya kawaida, nyingine ya kooni.

17 Januari

Kaf ya kooni. Mvua hakuna. Mahindi yamekunja majani kama mwavuli.

22 Januari

Leo nilikwenda na kiburi. Kitabu, saa, dakika, sukari, asali, damu, roho: yote nilikuwa nayo mdomoni miaka sitini na mbili. Nikamwambia Swalehe, "Kumbe nusu ya kazi imekwisha." Akauliza nimeandika wapi hayo maneno. Nikasema kwenye shajara yangu. Akacheka hadi akashika rafu ya mabati. Kwa Waarabu shajara ni mti. Ati nimeandika kwenye mti.

Simpendi mwalimu anayemcheka mwanafunzi. Niliwahi kumwambia hivyo, sasa nakumbuka, alipokuwa kiranja.

26 Januari

Kanisani Esta wa kwaya amesimama wakati wa maombi, akaomba kanisa limkumbuke "dada yetu mmoja anayeyumba." Watu wote wakanitazama. Nikatazama mbele, nikaimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko yeye.

2 Februari

Nimejiandaa wiki nzima. Hanan alipotokea kwenye simu, niliketi wima, nikasema bila kukosea hata irabu: "Kayfa haluki, ya Hanan? Uridu an atakallama maaki." Hali yako, Hanan? Nataka kuzungumza nawe.

Mtoto akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Nikaona miguu tu, soksi moja nyekundu, moja haipo. Akarudi, akasema kitu, baba yake naye akaanza kucheka.

"Anasema nini?"

"Samahani, Mama. Anasema Teta anaongea kama katuni."

Teta ni bibi. Katuni ni katuni. Kumbe katuni zao zinaongea Kiarabu cha kitabuni, na nyumbani hakuna mtu anayekiongea. Hawasemi *uridu*, wanasema *ayza*. Hawasemi *ayna* kwa kuuliza wapi, wanasema *fen*. Na ile kaf ya kooni, iliyonikausha koo wiki tatu, hawaitamki kabisa! Wanaimeza. Kahawa ni *ahwa*.

Nimezima simu nikaenda kupalilia mtama. Jua la saa nane. Sijali.

3 Februari

"Ulinifundisha lugha gani?" nimemuuliza Swalehe kabla hata ya salamu.

Akajishika kidevu. "Mwalimu, mimi najua Kiarabu cha kitabu. Kairo sijawahi kufika. Sijafika hata Zanzibar."

Nilikuwa na maneno mengi tayari, lakini hilo lilisemwa kwa unyoofu sana. Tumekubaliana hivi: nitamwomba Samiha anitumie ujumbe wa sauti, nitauleta dukani, tutausikiliza wote wawili. Yeye atatambua neno la kitabu lililojificha ndani, mimi nitaandika linavyotamkwa.

7 Februari

Samiha ametuma ujumbe wa dakika nne. Tumeelewa "habari", "Hanan" na "kitunguu". Swalehe alitoka jasho kuliko mimi, na hilo limenifariji.

12 Februari

Mvua kubwa jana, barabara ya stesheni imekuwa mto. Nimekwenda darasani na ndala mkononi.

Samiha anatuma sauti kila siku sasa, akiwa anapika. Mwanamke huyu hanyamazi. Nyuma yake husikika jiji zima: honi, mtu mwenye kipaza sauti anayenunua vitu chakavu mtaani, adhana tatu zinazopishana. Anaishi ghorofa ya tano. Akitaka mkate hashuki, anateremsha kikapu kwa kamba, mwenye duka anatia mkate, anavuta. Ameniambia hayo yote na nimeyaelewa, isipokuwa nilidhani anayeteremshwa ni Hanan. Nilikaa na hofu hiyo saa nzima mpaka Swalehe alipofungua duka.

16 Februari

Leo Samiha ameshika jani mbele ya kamera. *Mulukhiyya*, anasema, kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha dhahabu. Anasema ni chakula cha Misri, dunia nzima hakuna.

Ulikuwa mlenda.

Nimetoka nje na simu, nikachuma mlenda wangu kando ya banda la kuku, nikauweka mbele ya kamera. Samiha akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akauliza naupikaje. Nikasema karanga. Akashika kichwa. Yeye anaweka kitunguu saumu na mchuzi wa kuku. Tumebishana nusu saa, mimi na maneno yangu arobaini, na sikushindwa.

Ni mara ya kwanza kucheka na mwanamke huyu. Nilikuwa na kinyongo naye, nadhani, kwa sababu yeye ndiye anayemsuka Hanan nywele. Tena anazisuka vibaya.

19 Februari

Umeme hakuna. Simu haina chaji. Festo anasema nyumba imetulia.

2 Machi

Ramadhani imeanza. Darasa limehamia saa tatu kwa sababu Swalehe anasema ikifika saa sita akili yake inakwenda kwenye uji.

Samiha amenichukua sokoni, yaani amembeba mtu wa Itigi mfukoni. Nimeona taa za rangi zimetundikwa ghorofa hadi ghorofa, watoto wana vifanusi vya kuimba, na kijana juu ya baiskeli amebeba kichwani chaga la mikate pana kama kitanda, anapita katikati ya magari kwa mkono mmoja. Nilifumba macho. Samiha anagombana na muuza tende, anamwita habibi na kumtukana kwa pumzi moja. Hanan alinionyesha kifanusi chake, kisha akasogea karibu na simu na kusema lile neno lake la kila wiki, neema. Mama neema. Nilishamwambia hata Esta kwamba mtoto analijua neno hilo la Kiswahili. Nikajibu, "Naam, naam."

7 Machi

Leo *inda*. *Indi*, kwangu. *Indaki*, kwako, ukiwa mwanamke. Swalehe anasema Kairo watakuwa wanasema *andi* na *andik*. Somo dogo, nimelielewa mara moja. Nyumbani mapema.

9 Machi, Jumapili

Sijui niandikeje.

Baada ya ibada Hanan alipiga simu mwenyewe. Hisham hakuwepo, Samiha alikuwa jikoni anaandaa futari, nasikia sufuria. Mtoto akasema, kama kila Jumapili:

"Teta, mama andik?"

Nilishafungua kinywa kusema naam. Neno likakwama. *Andik*. Kwako.

Nikamwomba arudie, polepole. Akarudia polepole kweli, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi mzito. "Mama. Andik. Naima?" Akaunganisha viganja, akavilaza shavuni, akafumba macho.

Hakuwa anasema neema. *Naima* ni amelala.

Mama yuko kwako? Bado amelala?

Na mimi nimekuwa nikimjibu nini? Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa, tangu Jumapili ya kwanza ya Septemba hadi wiki iliyopita. Jumapili ishirini na saba. Kila moja mtoto huyu ameniuliza kama mama yake yuko hapa kwangu amelala, na kila moja nimetabasamu na kumwambia naam.

Leo nilisema, "Mtandao, Hanan, mtandao," nikazima simu. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Niliketi kwenye ngazi ya jikoni. Festo alikuja, akaniuliza nini, nikamweleza. Akavua kofia yake ya zamani ya kazi ya reli, ambayo haivui hata kanisani mpaka nimkanyage mguu, akaketi chini yangu. Mume wangu hakulia msibani. Amelia leo.

10 Machi

Nimempigia Hisham kabla hajaingia kazini.

"Ulimwambia nini mtoto?"

"Nilimwambia mama yake anakwenda kupumzika kwa Teta. Alituona tukimpeleka uwanja wa ndege, Mama. Alituuliza mbele ya sanduku. Ningesema nini?"

"Na hukuniambia mimi. Ulikuwa unanitafsiria yote, swali hilo unaliruka."

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Miezi saba, Hisham! Umenifanya shahidi wako wa uongo, na lugha yenyewe siijui!"

Akaanza kulia. Hilo nalo likaniudhi, maana huwezi kugombana na mtu anayelia, na mimi nilikuwa sijamaliza.

12 Machi

Nimemgombeza Swalehe mbele ya wateja. Kwa nini *inda* ije mwezi wa tatu? Kwa nini tulianza na herufi, na "kalamu iko mezani", na "mwanafunzi yuko shuleni"? Alinisikiliza mpaka mwisho, amefunga, midomo imekauka. Nilipomweleza sababu alifunga mlango wa duka.

"Pole, mwalimu."

Baadaye akachukua karatasi, akaniandikia maneno ya kumwambia mtoto. Mwandiko mzuri, maneno mazito. Nikamwambia, "Haya ni ya katuni, Ustadhi." Ni mara ya kwanza kumwita hivyo. Akaitazama karatasi, akaikunja. "Kweli. Anayejua maneno ya mtoto huyu ni yule bibi aliye naye."

16 Machi

Nimemtumia Samiha ujumbe wa sauti. Nimeurekodi mara kumi na moja. Hanan anauliza mama yuko wapi. Mimi nimesema uongo, sikujua. Wewe unajua. Tutamwambia. Nifundishe.

Nilitegemea ugomvi, na nilikuwa nimeuandalia msamiati.

Jibu lilikuja jioni. Nimelisikiliza mara nyingi. Neno moja analirudia: *ma'dirtish*. Sikuweza. Anasema wiki ya kwanza Hanan alikataa kula, mpaka alipoambiwa mama amelala kwa Teta, ndipo akanywa maziwa. "Nilimpa uongo ule kama unavyompa mtoto sukari kabla ya dawa," amesema Samiha. "Sukari ikakolea, dawa sikuitoa."

Nimekuwa nikimwona mwanamke mwenye bahati aliyebaki na mtoto. Kumbe kila asubuhi alikuwa anaamka mbele ya swali lile lile, na hawezi kuzima simu.

Tumekubaliana: baada ya Idi, kabla Hisham hajasafiri.

23 Machi

Nimemwambia Hanan mtandao ni mbaya. Tena.

28 Machi

Mvua siku nne. Sina hamu ya kitu. Esta amekuja na maharage mabichi, akaketi, akasema hakujua kwamba Kiarabu nilikuwa namtafutia Hanan. Tukamenya wote mpaka yakaisha. Hakuomba kwa sauti, namshukuru Mungu.

31 Machi

Idi. Swalehe ametuletea pilau yeye mwenyewe, kanzu imetapakaa tope hadi magotini. Hanan ana gauni la njano. Aliuliza. Nilisema, "Ijumaa, Hanan. Ijumaa nitakuambia." Alikubali, kama mtu aliyezoea kuambiwa subiri.

4 Aprili, Ijumaa

Saa tano asubuhi. Samiha alimpakata Hanan kwenye kochi, Hisham kando yao. Upande huu mimi na Festo, simu imeegemezwa kwenye birika.

Tulipanga Samiha aanze. Akasema, "Hanan, roho yangu," akakwama. Hisham alikuwa anatazama vidole vyake. Nikaona dakika inapita, na mtoto anawatazama mmoja mmoja, na nikajua kwamba tukiacha hii ipite watasubiri tena wakati mzuri mpaka aolewe.

Samiha alikuwa amenifundisha sentensi saba. Nikazisahau sita.

"Hanan," nikasema. "Mama matit."

Amekufa. Neno hilo sikuhitaji kufundishwa, sisi tuna mauti na maiti. Nikaendelea na nilichokuwa nacho. Hajalala. Alikuwa mgonjwa sana. Tumemzika hapa, nyumbani kwangu. Harudi.

Hakulia. Alinitazama moja kwa moja, macho ya Marietha yale yale, ya kunikamata nimekosea hesabu ubaoni.

"Wewe ulisema naam," akasema.

"Ndiyo. *Ma fihimtish*." Sikuelewa.

"Kama hukuelewa, kwa nini ulisema naam?"

Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya darasa nikiwafokea watoto wanaoitikia "ndiyo, mwalimu" bila kuelewa kitu. Nimewauliza swali hilo hilo, kwa maneno hayo hayo, na hakuna aliyewahi kunijibu. Nilidhani ni ukaidi.

Nikatafuta neno la kuona haya, sikuwa nalo. Nikasema *aib*, maana aibu yetu ndiyo yao. "*Aib*," nikajionyesha kwa kidole. "Mimi. Nilikuona unafurahi. Nikaona aibu kusema sijui."

Alifikiri. Akashuka kwenye magoti ya Samiha, akavaa viatu, akatoka kwenye picha. Tukasikia mlango wa chumba. Haukubamizwa, ulifungwa taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Samiha akaufunika uso kwa mtandio wake. Hisham akanyanyuka kumfuata mtoto. Festo, ambaye hakuelewa neno hata moja, akasema, "Umemwambia vizuri."

6 Aprili

Hakuja kwenye simu.

8 Aprili

Samiha anasema anakula. Haongei. Analala na kandambili za mama yake, amezitoa chini ya kabati.

10 Aprili

Hisham amekwenda Kuwait. Kabla ya kupanda ndege alituma ujumbe: "Nisamehe, Mama." Nimemjibu aandike mara anapofika na asisahau kula. Sijamsamehe yote. Nimemsamehe kiasi cha kuanzia.

13 Aprili

Hakuja. Tumeongea mimi na Samiha saa nzima, bila mtafsiri, kuhusu magoti yetu.

14 Aprili

Swalehe ananiuliza kama nataka kusimama kidogo. Nimemwambia afungue kitabu.

19 Aprili, Jumamosi

Simu imelia saa nne, nikiwa nakuna nazi ya Pasaka. Ni Hanan, peke yake, nywele zimesimama pande zote. Hakunisalimu.

"*Mama fen?*"

Wapi. Nikaelewa anauliza nini safari hii. Nikaosha mikono, nikatoka na simu hadi nyuma ya nyumba, nikageuza kamera. Nikamwonyesha msalaba wa saruji, nikamsomea jina kwa kidole, herufi kwa herufi. Akalitamka baada yangu, jina lote.

Mvua imekwisha juzi tu, na nyasi zimepanda mpaka nusu ya kaburi. Festo alikuwa amesema atafyeka, na hakufyeka.

"Kuna majani," Hanan akasema.

"Ndiyo. Mvua."

"Yatoe."

"Babu atakuja na panga, mpenzi."

"Wewe. Sasa."

Nikaegemeza simu kwenye msalaba, nikapiga magoti na gauni langu safi. Nikaanza kung'oa kwa mikono. Ardhi ilikuwa laini, mizizi inatoka na udongo. Hanan alisogeza uso hadi kioo kikajaa jicho moja, akawa ananielekeza kutoka Kairo, kwa sauti ya Samiha anayegombana na muuza tende. *Hina.* Hapa. *Wi hina.* Na hapa. Pale nyuma, Teta, umeruka. Sikuomba arudie hata neno moja.

Nilipofika katikati nikanyanyuka kidogo, nikashika kiuno. Nikamwambia mgongo unauma, nimezeeka, tumalizie kesho.

Akakagua kaburi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"*Lissa*," akasema. Bado.

Nikarudi chini.